Barua ya wazi kwa wachapishaji: turudishieni jalada la nyuma

Kwa wakurugenzi wa kampuni za uchapishaji, wahariri wakuu na wakuu wa idara za masoko ya vitabu.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu eneo dogo la karatasi ambalo mamlaka juu yake mnayo ninyi: jalada la nyuma la kitabu. Mara nyingi si mwandishi anayeliandika, mhakiki hafiki hapo mpaka mmwalike, na muuza vitabu hulipokea likiwa limekwisha kupigwa chapa. Maelezo mnayoyaweka hapo, yaani blabu, pamoja na sifa za watu mashuhuri, vibandiko vya tuzo na matangazo ya mauzo mnayoyapanga kuyazunguka, ndiyo humfanya msomaji aliyesimama mbele ya rafu atoe fedha au akirudishe kitabu mahali pake. Ombi langu ni moja, nami nitalieleza kwa urefu kwa sababu nalijali sana: jalada la nyuma liwe mahali ambapo msomaji anaambiwa ukweli kuhusu kitabu anachotaka kukinunua, na kila sifa inayochapishwa hapo iwe ni sifa ambayo mko tayari kutueleza imetoka kwa nani na kwa njia gani.

Sipingi vitabu kutangazwa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini hawakuishi katika soko ambamo vitabu vipya hutoka kwa wingi unaomshinda msomaji kusoma hata majina yake. Katika soko la namna hiyo, kizuri kisichotembezwa hufia ghalani pamoja na kibaya. Tena ubora wa kitabu haujulikani mpaka kisomwe, na kukisoma kunadai saa nyingi ambazo msomaji hatarudishiwa hata kama atarudishiwa fedha zake. Kwa hiyo kabla ya kununua sote hutegemea ishara: jina la mwandishi, picha ya jaladani, mstari wa sifa, kibandiko cha tuzo, neno la rafiki. Anayezipanga ishara hizo ana nguvu kubwa juu ya kile ambacho watu watakisoma na, kadiri miaka inavyokwenda, juu ya kile ambacho waandishi watathubutu kukiandika.

Nguvu hiyo si ya kukisia. Mwaka 2013 ilitoka riwaya ya upelelezi ya mwandishi aliyejiita Robert Galbraith. Wahakiki waliipokea vizuri, lakini mauzo yake yalikuwa ya kawaida tu, mpaka ilipofichuka mwezi Julai mwaka huohuo kwamba Galbraith ni J. K. Rowling, mwandishi mashuhuri wa vitabu vya Harry Potter, papo hapo ikapanda hadi kileleni mwa orodha za mauzo. Hakuna sentensi hata moja ndani ya kitabu iliyokuwa imebadilika. Kilichobadilika ni jambo moja tu ambalo wanunuzi walikuwa wamelijua kabla ya kukifungua.

Watafiti nao wameipima nguvu hiyo kwa njia zao. Mchumi Alan Sorensen, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2007, alionyesha kwamba kuingia tu katika orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi ya New York Times huongeza mauzo, kwa kiasi kidogo kwa kitabu cha kawaida, na kwa kiasi kikubwa zaidi kwa wale wanaotoa kitabu chao cha kwanza. Mwaka uliotangulia, Matthew Salganik na wenzake walikuwa wamechapisha jaribio la muziki lililowahusisha watu zaidi ya 14,000: wasikilizaji walioonyeshwa ni mara ngapi kila wimbo umepakuliwa na wenzao walifuatana, nyimbo zilizotangulia zikazidi kutangulia, na katika makundi tofauti nyimbo zilizoshinda hazikuwa zilezile. Nyimbo si vitabu, ila tabia ya kumtazama jirani kabla ya kuamua ni ileile. Mnapochapisha jaladani kwamba kitabu ni “kinachouzwa zaidi” bila kusema wapi, lini na kwa hesabu ya nani, mnaigusa tabia hiyo mahali penye udhaifu, na mnajua hivyo.

Sasa niingie katika sifa zenyewe, kwa maana hapo ndipo penye kero yangu kubwa.

Mojawapo ya mifano ya kale inayojulikana sana ni ya mshairi Mmarekani Walt Whitman. Mwaka 1855 mwandishi mashuhuri Ralph Waldo Emerson alimwandikia barua binafsi ya kuyasifu mashairi yake. Mwaka 1856, toleo la pili lilipotoka, maneno ya Emerson ya kumsalimu mshairi huyo mwanzoni mwa safari kubwa yalikuwa yamepigwa kwa herufi za dhahabu kwenye mgongo wa kitabu, na Emerson hakuwa ameombwa ruhusa. Lilikuwa kosa la adabu. Hata hivyo, ukilitazama kwa makini, sifa ile ilikuwa na mambo mawili ambayo sifa nyingi za leo hazina: aliyeitoa alikuwa ameyasoma mashairi aliyokuwa akiyasifu, na hakuna aliyekuwa amemwomba aitoe kwa ajili ya kuuzia.

Leo mambo huenda kinyume. Mswada unapelekwa kwa waandishi wenye majina miezi kadhaa kabla kitabu hakijatoka, ukiambatana na barua ya unyenyekevu, na mara nyingi barua hiyo huandikwa na mwandishi mwenyewe, ambaye analazimika kumwomba mwalimu wake wa zamani, rafiki yake, au mtu mliyempa mkataba ninyi wenyewe. Anayeombwa ana kazi zake na mswada una kurasa 400. Akikataa ataonekana ana roho mbaya. Akikubali ataandika sentensi 2 za jumla ambazo zingefaa kitabu chochote. Mwezi ujao naye atakuwa na kitabu chake, na atahitaji kuomba. Wahenga waliposema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, walimfikiria mgema anayesifiwa na wanywaji. Hapa mgema anasifiwa na wagema wenzake kabla tembo halijaonjwa na mtu.

Hasara ya kwanza inampata mwandishi asiye na watu. Aliyesoma katika darasa la mwandishi mashuhuri, au anayewakilishwa na wakala mwenye orodha ndefu ya majina makubwa, huingia sokoni jalada lake likiwa limejaa. Aliyeandika peke yake, mbali na mizunguko hiyo, huingia na jalada tupu, na muuza vitabu anayepitia katalogi yenu kwa haraka huusoma utupu huo kama hukumu. Kwa hiyo kitu mnachokiita uthibitisho wa ubora kinapima zaidi idadi ya watu ambao mwandishi anaweza kuwapigia simu. Mwenzenu mmoja amelikiri hilo hadharani: mwanzoni mwa mwaka 2025 Sean Manning, mchapishaji wa chapa kuu ya Simon & Schuster huko Marekani, alitangaza kwamba hawatawataka tena waandishi wao wahangaike kutafuta sifa za jaladani, akieleza kwamba desturi hiyo inakula muda mwingi na hulipa kujuana kuliko kipaji. Hakuzipiga marufuku sifa zitakazokuja zenyewe. Alichoondoa ni lile sharti, na sioni sababu ya wengine wenu kushindwa kufanya vivyo hivyo.

Hasara ya pili inampata msomaji, nayo ni ya polepole. George Orwell alilalamika mwaka 1936 kwamba riwaya zote zikiletwa kwa msomaji kama kazi za vipaji vya pekee, ni jambo la kawaida kwake kudhani kwamba zote ni takataka. Karibu miaka 90 baadaye msamiati umeongezeka ukali tu. Kila kitabu “kitakubadilisha”, kila mwandishi ni “sauti ya kizazi chake”, kila kisa “hutaweza kukiweka chini”. Msomaji mzoefu hujifunza kuyaruka maneno haya macho yakiwa wazi, na siku mtakapokuwa na kitabu ambacho kweli kinastahili sifa hizo, hamtakuwa na neno lililobaki la kumwambia.

Naomba tukitazame kwa karibu kitendo kimoja ambacho nakiona ni cha aibu, yaani kukata nukuu. Tuseme mhakiki ameandika hivi gazetini: “Riwaya hii ingekuwa ya kusisimua mno iwapo mwandishi angejua mahali pa kuishia, ilivyo sasa, theluthi ya mwisho inachosha.” Jaladani yanatokea maneno matatu, “ya kusisimua mno”, yakifuatiwa na nukta tatu na jina la gazeti kwa herufi kubwa. Hakuna neno lililobuniwa. Kila herufi ilitoka katika kalamu ya mhakiki, na bado msomaji ameambiwa kinyume cha alichoambiwa na mhakiki huyo. Mwaka 2001 kampuni ya filamu ya Sony iligunduliwa ikimnukuu katika matangazo yake mhakiki ambaye hakuwahi kuwapo duniani, na watu walikasirika kwa haki; sidhani kama mnabuni watu. Lakini kumlisha maneno mtu aliyepo si jambo dogo kuliko kumbuni asiyekuwapo, na yule aliyepo ana heshima ya kupoteza. Nukuu ikikatwa, ikatwe kwa namna ambayo mwenyewe akiisoma ataitambua kuwa ni kauli yake. Mkiwa na shaka, mpelekeeni aisome. Ni barua pepe moja.

Sitakaa sana kwenye blabu zinazofichua kisa, ingawa nazo zipo: maelezo yanayomweleza msomaji kifo kinachotokea ukurasa wa 210 wa kitabu chenye kurasa 300. Hilo ni kosa la uzembe, na mhariri akilisoma jalada mara moja kwa macho ya mtu asiyekijua kitabu, litaondoka.

Lililo zito zaidi ni blabu inayokipeleka kitabu kwa watu ambao hakiwafai. Nimewahi kununua riwaya ambayo jalada lake lilikuwa na rangi nyeusi na nyekundu, kichwa chenye neno la vitisho, na maelezo yaliyoahidi “siri itakayoisambaratisha familia”. Ndani mlikuwa na kisa cha utulivu cha mume na mke wanaozeeka, wakizungumza kidogo, wakisameheana kidogo. Siri yenyewe ilikuwa ni deni ambalo mume aliwahi kulificha. Kilikuwa kitabu kizuri, kimeandikwa kwa subira na kwa macho makali. Lakini maoni ya wasomaji mtandaoni yalijaa hasira: hakuna mauaji, hakuna kinachotokea, tumedanganywa. Walikuwa wamedanganywa kweli, ila si na mwandishi. Na hasira hiyo ilibaki juu ya jina la mwandishi, ambaye huenda jalada aliletewa likiwa tayari. Wakati huohuo wale ambao wangekipenda, wanaotafuta simulizi za ndoa na uzee, walilipita jalada lile kwa sababu halikuwa likizungumza nao.

Kuna utafiti unaoligusa jambo hili kwa ukaribu. Mwaka 2014 Balázs Kovács na Amanda Sharkey walichapisha uchambuzi wa maoni zaidi ya 38,000 ya wasomaji katika tovuti ya Goodreads, wakilinganisha vitabu vilivyoshinda tuzo kubwa na vile vilivyofika fainali bila kushinda. Baada ya tuzo kutangazwa, alama walizotoa wasomaji kwa washindi zilishuka zaidi kuliko za wale walioshindwa. Vitabu havikuharibika, tuzo ilikuwa imewavuta wasomaji wengi ambao ladha yao haikuwa ya vitabu vile. Ikiwa kibandiko cha tuzo, ambacho ni ishara ya kweli, kinaweza kukiletea kitabu wasomaji wasio wake, fikirini kinachofanywa na ishara ya uongo. Mnauza nakala za juma la kwanza, kisha mnanunua kwa nakala hizo sifa mbaya itakayokiandama kitabu kwa muda wote kitakaokuwa sokoni.

Najua mtajibu kwamba jalada la kweli haliuzi. Naomba mlitazame jibu hilo upya. Jonah Berger, Alan Sorensen na Scott Rasmussen walichapisha mwaka 2010 utafiti juu ya mapitio ya New York Times na mauzo ya vitabu, wakakuta kwamba mapitio mabaya yalipunguza mauzo ya waandishi wanaojulikana, lakini kwa waandishi wasiojulikana yaliyaongeza, kwa kuwa yaliwafanya watu wajue kwamba kitabu kipo. Maana yake ni kwamba tatizo kubwa la mwandishi mpya ni kutojulikana, wala si upungufu wa vivumishi. Kama hata lawama ya hadharani humsaidia, basi maelezo sahihi, yaliyoandikwa kwa ustadi na kupelekwa kwa watu wanaohusika, hayatamwangusha.

Maelezo hayo ni rahisi kuliko mnavyodhani. Kwa ile riwaya niliyoitaja ningeandika hivi: “Wamekuwa pamoja kwa miaka 41 na wamekwisha kuambiana kila kitu, isipokuwa deni moja. Riwaya hii inawafuata mume na mke katika mwaka mmoja wa uzee wao, kwa mwendo wa polepole, nyingi ya sura zake zikiwa ni mazungumzo ya usiku.” Hapo msomaji anajua nani, wapi katika maisha, kwa mwendo gani na kwa umbo gani. Anayetaka mauaji ataenda rafu nyingine bila kinyongo, na anayetaka kitabu hiki atajua kimeandikiwa yeye. Hakuna neno hata moja la sifa, na bado nadhani ni tangazo lenye nguvu kuliko lile la siri na kusambaratika.

Kuhusu sifa zitakazobaki, nawaomba muweke wazi uhusiano. Orodha ya New York Times huweka alama ndogo ya kisu kando ya kitabu ambacho sehemu ya mauzo yake inaonekana ilitokana na ununuzi wa jumla, na msomaji anayeijua alama hiyo huamua mwenyewe aipe uzito gani. Nanyi mnaweza kuandika chini ya sifa, kwa herufi ndogo zinazosomeka, kwamba msifiaji naye amechapishwa na kampuni hii, au alimfundisha mwandishi, au wana wakala mmoja. Sifa ya mwalimu si ya uongo kwa kuwa ni ya mwalimu. Pengine yeye ndiye aliyeisoma kazi kwa undani kuliko wote. Msomaji anachotaka ni kujua anamsikiliza nani. Marekani, kanuni iliyopitishwa na Tume ya Biashara mwaka 2024 imepiga marufuku maoni bandia na ushuhuda bandia kuhusu bidhaa. Sifa ya rafiki aliyesoma kitabu haihesabiki kuwa bandia, na sitaki ihesabiwe hivyo. Ila ingekuwa vyema kanuni ya uwazi ikitoka kwenu kabla haijaletwa na mahakama.

Wenye maduka nao wanahusika, kwa sababu meza ya mbele ni blabu nyingine isiyo na maneno. Katika maduka makubwa ya nchi kadhaa, nafasi kwenye meza hiyo imekuwa ikilipiwa na wachapishaji, huku mteja akidhani amechaguliwa vitabu na mtu aliyevisoma. James Daunt alipochukua uongozi wa maduka ya Waterstones huko Uingereza mwaka 2011 aliacha kuuza nafasi hizo na kuwaachia wafanyakazi wa kila duka wachague wenyewe. Kampuni ilikuwa taabani wakati huo, na miaka michache baadaye ilirudi kwenye faida. Sidai kwamba hiyo ndiyo sababu pekee, lakini uaminifu haukuifilisi.

Kabla katalogi yenu ijayo haijaenda kiwandani, chagueni vitabu vichache, vya waandishi wapya hasa, na kila jalada mlipeleke kwa mtu aliyekisoma kitabu chote, ambaye hana undugu wala biashara na mwandishi wala nanyi, kisha mwulizeni kama hicho ndicho kitabu alichokisoma. Akisema sicho, jalada liandikwe upya. Naomba pia mtueleze hadharani, sisi wanunuzi, ni lipi kati ya haya niliyoyaomba mko tayari kulifanya, ni lipi hamlikubali, na kwa sababu gani.

Wenu kwa heshima,

Msomaji na mnunuzi wa vitabu vyenu